Mfereji Usio na Kibali

Iko nchi ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Sheria yake inataka jina hilo litamkwe mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, na mimi mgongo wangu uliharibiwa na jembe, kwa hiyo naandika nimekaa. Anayeijua ataijua. Asiyeijua ashukuru, aendelee kusoma.

Nchi hiyo ina mlima, na mlima una njia ya baiskeli. Njia inaanzia juu kwenye mashamba ya kabichi, inashuka kilomita saba na kona thelathini na moja, na inatokea chini kwenye lami, pale lori la maziwa linaposimama saa moja asubuhi na kuondoka saa moja na dakika kumi, uwepo usiwepo. Barabara ya magari nayo ipo. Inazunguka mlima mzima kilomita ishirini na tatu, na maziwa hayapendi kuzungushwa.

Njia hii haikuletwa na serikali. Nasema hivyo kwa sauti ya chini kwa sababu sauti ya juu ni ya Wizara. Tuliichimba sisi. Tulianza kumi na wawili, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa pili, mwaka ule wa nzige, na nakumbuka nani alikuja na chai na nani alikuja na visingizio. Tulitaka kushusha maziwa na kabichi tu. Baadaye vijana wakagundua kwamba kushuka kona thelathini na moja bila kushika breki kuna utamu wake. Baada ya vijana wakaja watu wa mjini, na baiskeli za matairi manene, kofia ngumu na magoti yaliyofungwa mapedi, wakauliza, "Jamani, hii njia ni ya nani?"

Tukaona tuunde chama. Katiba ilikuwa ukurasa mmoja. Niliiandika mimi, ambaye shule niliishia darasa la sita, nyuma ya kalenda ya duka la mbolea. Kifungu chenye maana kilikuwa cha nne: anayetaka kupita alipe ada ya mwaka, na anayechimba Jumamosi kumi na mbili kwa mwaka, jasho lake ndiyo ada, asidaiwe kingine. Nilikitaja kifungu hicho mara nyingi mno, watu wakaniita Kifungu, na jina likanikaa.

Daftari hatukuwa nalo. Tulikuwa na mipini. Kila Jumamosi kazi ikiisha, kila mchimbaji alikatiwa alama moja kwenye mpini wa jembe lake. Mwiko ulikuwa mmoja tu: hujikatii. Anakukatia uliyechimba naye bega kwa bega, kwa kisu chake, watu wakiona. Kwa hiyo mpini wako ulikuwa ni neno la jirani yako. Miaka kumi hatukuwahi kugombana juu ya nani kachimba na nani kakaa kivulini.

Mpini ulioongoza ulikuwa wa Nakijwa. Mjane, mwenye ng'ombe watatu na baiskeli moja ya chuma, nzito kama lango la benki. Kila asubuhi alifunga madumu mawili ya maziwa nyuma, akashuka nayo kona zote thelathini na moja, sketi ameikunja kwenye mkanda, na wale vijana wenye mapedi walikuwa wanampisha. Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Lori likimwacha siku tatu mfululizo, jina linafutwa kwenye orodha ya wauzaji, na orodha ina foleni yake.

Alama zake zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Zote zilikatwa na mtu mmoja: Kanaeli, mdogo wa marehemu mumewe. Kanaeli ni wa mkono wa kushoto, na alama zake zilikuwa zinalalia kushoto kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Ungeweza kuzitambua kwa kuzipapasa.

"Shemeji, kata taratibu, utauvunja mpini," Nakijwa alimwambia siku moja.

"Ukivunjika nitakuchongea mwingine, na alama zote nitazirudisha moja moja."

"Utaikumbuka idadi?"

"Niisahauje? Zote nilikuwepo."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, kona ya kumi na saba, mvua za vuli. Nayahifadhi kwa sababu nchi hiyo ina ofisi ya kuhifadhi kila kitu isipokuwa maneno.

*

Siku moja serikali ikagundua kwamba ina mlima.

Ilikuwa na Wizara ya Milima tangu zamani, lakini kazi zilikuwa nyingi kwa mtu mmoja, ikagawanywa: Waziri wa Kupanda na Waziri wa Kushuka. Wa Kushuka ndiye aliyetujia, na magari kumi na manne, kwa barabara ya magari. Njia yetu aliitazama kwa darubini akiwa chini ya turubai.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kwa muda mrefu taifa letu limekuwa likishuka bila mpango. Kila mtu anashuka anavyojua. Kuanzia leo, tutashuka kwa mpango, tutashuka kwa kasi, na tutashuka wote kwa pamoja!"

Tulipiga makofi. Ukikaa muda mrefu katika nchi hiyo, makofi yanatoka yenyewe, kama kikohozi.

Akaendelea kusifu kujitolea. Alisifu mpaka tukaanza kutazamana. Alisema kujitolea ni dhahabu ya taifa, na dhahabu haiachwi ovyo mikononi mwa watu. Kwa hiyo chama chetu kingepandishwa hadhi, kiwe Shirika la Taifa la Miteremko, na wanachama wapangwe kwa madaraja matatu. Wanachama wa Kilele hawatalipa ada, kwa sababu kumdai mtu mkubwa ni kumtilia shaka, wala hawatachimba, kwa sababu watainama. Wanachama wa Kiuno watalipa nusu. Wanachama wa Nyayo watalipa ada nzima na kuchimba. Wa Kilele waliandikishwa sitini na wanane mchana huo huo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na baiskeli. Wawili waliuliza ina magurudumu mangapi.

Nikasimama. "Mheshimiwa, na kifungu cha nne?"

"Swali zuri sana," alisema Waziri. "Kifungu cha nne hatukifuti. Hicho ni urithi."

Na kweli hawakukifuta. Walikitia kwenye fremu ya kioo wakakitundika ofisini. Nilipotaka kukitumia nikaelezwa kwa upole kwamba urithi hautumiki, unaangaliwa, Jumatatu na Jumatano.

Shirika lilihitaji katibu wa eneo, mtu wetu wenyewe. Tukamtaja Kanaeli kwa sauti moja. Tulimbeba juu, na mimi nilishika mguu wa kulia. Nakijwa alichinja jogoo. Wakampa koti la kijani lenye mfuko wa kalamu tatu, na kiti cha kuzunguka. Kalamu za ofisi zilifungwa kwa kamba upande wa kulia wa meza, na kamba ni fupi. Basi Kanaeli akaanza kutia saini kwa mkono wa kulia, herufi zikianguka anguka kama ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu, na baada ya mwezi akawa anasalimia watu kwa mkono huo huo, anachokonoa meno kwa huo huo.

"Shemeji, Jumamosi zangu zitakuwaje?" Nakijwa alimuuliza mlangoni.

"Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Zako nitaziingiza kwenye mfumo mimi mwenyewe."

"Mfumo uko wapi?"

"Unakuja."

Akampa kadi ya muda, ya Nyayo, yenye tarehe ya mwisho. Nakijwa akaitia kwenye pochi, akashuka na madumu yake, akipiga mluzi.

*

Sasa tukafundishwa kujitolea.

Tulikuwa tumejitolea miaka kumi kienyeji, bila utaalamu. Shirika lilituletea Kanuni za Kujitolea, kurasa tisini na sita. Mtu asishike jembe kwa hiari yake bila kibali cha kuwa na hiari. Kibali kinapatikana kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, barua ya Katibu, picha mbili, na cheti cha daktari kwamba mwombaji hana tabia ya kuchoka.

Jumamosi ya kwanza ya mfumo mpya tulifika arobaini na mmoja. Honi ilipigwa saa mbili. Palikuwa na daftari moja la mahudhurio, na kila mtu alitakiwa kujaza jina, jina la babu, kona aliyopangiwa, aina ya jembe, na neno moja la kumshukuru Waziri. Neno lisirudiwe. Wa kwanza kumi walipata maneno mazuri. Wa ishirini akaanza kutafuta. Mzee Mashauri wa kona ya tisa alisimama robo saa nzima kalamu mkononi.

"Andika 'asante', mzee, tusogee!" watu walipiga kelele.

"Asante imeshaandikwa na Kifungu."

"Andika 'shukrani'!"

"Nayo imeshaandikwa!"

"Basi andika 'ahaa'!"

Akaandika ahaa. Saa sita kamili honi ikapigwa, zoezi likafungwa. Ripoti ilionyesha kwamba siku hiyo tulijitolea kwa asilimia mia moja. Udongo haukuguswa.

Ikaenda hivyo Jumamosi tisa. Redio ilisema eneo letu linaongoza.

Njia haisikilizi redio. Mtu aliyechimba njia mlimani anajua kwamba adui si tairi, ni maji. Njia lazima ilalie kidogo upande wa bonde, na kila baada ya hatua kadhaa lazima pawe na kamfereji ka kuyatoa maji nje. Kamfereji kakiziba, maji yanafuata alama za matairi, yanazama, yanachimba handaki, na siku moja asubuhi unakuta kona haipo. Tulikuwa tunazibua kila wiki. Sasa wiki tisa zilipita tunashukuru.

Kona ya kumi na saba ilianza kula magurudumu. Daktari mmoja wa mjini aliacha meno mawili pale. Shirika likachukua hatua: liliweka kibao kilichoandikwa KONA HII INATUNZWA. Na Nakijwa, ambaye alipita pale kila asubuhi na lita arobaini nyuma ya baiskeli, aliteleza mara mbili, akamwaga dumu moja, akafika chini lori likiwa linawasha taa za nyuma.

Jumanne akashuka na jembe lake. Hakumwambia mtu. Alizibua, akachimba mfereji mpya wa hatua nne, akaupanga mawe pembeni, akaenda kukamua.

Wiki hiyo hiyo Shirika lilimtuma mpiga picha atengeneze kalenda. Alipofika kona ya kumi na saba alikuta jambo lililomtisha, akalipiga picha pande zote na kukimbilia ofisini. Hati ya mashtaka ninayo nakala, nainukuu ilivyo: "Mfereji usio na kibali umekutwa ukipitisha maji."

*

Tume ya Uchunguzi ikaundwa. Kabla haijaanza, ikatoa tangazo: wachimbaji wote walete mipini yao ikaguliwe. Kila alama iliyokatwa nje ya daftari itahesabiwa kuwa ni kosa moja la kujitolea bila kibali. Na aliyeikata atahesabiwa kuwa ametoa stakabadhi ya serikali bila kuwa serikali.

Tulilisoma tangazo hilo tukiwa tumelizunguka, likiwa limegundishwa kwenye ukuta wa ghala la kabichi. Kisha Mzee Mashauri akasema amekumbuka kwamba mpini wake una ufa.

"Hata wangu," mwingine akadakia.

"Wangu nao unayumba siku nyingi."

Ajabu ya nchi hiyo ni kwamba mipini arobaini ilichakaa mchana mmoja. Fundi seremala alifunga oda za vitanda, akachonga mipini mpaka mikaratusi ikamwishia, akapandisha bei mara tatu na bado foleni ilifika kwenye kisima. Niliiona foleni hiyo kwa macho yangu. Nilikuwa na shughuli zangu maeneo yale.

Nakijwa alipita pale akirudi na madumu matupu. Akasimamisha baiskeli.

"Mnangoja nini hapa, jamani? Kuna msiba?"

"Mipini, dada. Hujasoma tangazo?"

"Nimesoma."

"Sasa si ukae foleni? Fundi atakuchongea wa haraka."

"Mpini wangu una kosa gani mpaka niufukuze?" alisema, akapanda baiskeli.

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuangalia chini. Mmoja akasema mama huyu kiburi kitamuua. Yule aliyesema nakumbuka jina lake, na nakumbuka kwamba mwaka ule wa mafuriko Nakijwa alimchimbia Jumamosi sita mkewe alipokuwa hospitali. Lakini tuendelee.

*

Tume ilikaa kwenye ghala la kabichi, meza ikiwa imefunikwa bendera. Mwenyekiti wake alikuwa Kamishna wa Kujitolea, Bwana Shedafa, mtu mnene na mpole, mwenye sauti kama ya kumpeleka mtoto kulala. Kulia kwake karani. Kushoto kwake mjumbe mmoja aliyekuwa amelala, na kibali cha kulala kikiwa kimebandikwa kifuani. Kanaeli alisimama nyuma yao katika koti lake la kijani. Sisi arobaini tulikalishwa mistari minne, kila mtu na mpini wake mpya umesimama mbele yake. Ghala lote lilinukia mti mbichi.

Nakijwa aliitwa mbele.

"Mama, mfereji huu ni wako?" aliuliza Kamishna.

"Mfereji ni wa maji, baba. Mimi nimeuchimba tu."

"Ni nani aliyekutuma?"

"Matope."

Karani akainua kichwa. "Matope ni jina lake au la ukoo?"

"Endelea, karani," alisema Kamishna. "Mama, unacho kibali cha kujitolea?"

"Ninacho hiki." Akaulaza mpini wake mezani, juu ya bendera.

Ulikuwa mweusi kwa jasho, umelainika kama kijiko cha zamani, na kuanzia shingoni hadi kitakoni umejaa alama zilizolalia kushoto. Karani alianza kuhesabu. Alipotea kwenye mia mbili, akaanza upya. Alipotea tena. Hatimaye Nakijwa alimwonea huruma.

"Mia nne na kumi na mbili, mwanangu. Usijiumize macho."

"Kwa hiyo unakiri makosa mia nne na kumi na mawili," alisema Kamishna.

"Nakiri Jumamosi mia nne na kumi na mbili."

"Ni kitu kile kile, mama."

Halafu Kamishna akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alifungua Kanuni, akatafuta ukurasa, akavua miwani, akasema kwa upole kabisa: "Ipo njia moja. Kanuni ya hamsini na tatu. Kama alama hizi zilikatwa na mtu ambaye leo ni ofisa wa Shirika, Jumamosi zote zitatambuliwa, na mama atapewa kadi ya kudumu, apite njia hii mpaka afe. Ofisa huyo atarudisha koti, basi. Hakuna adhabu nyingine. Sasa, mama, nani alikukatia?"

Kwenye ghala hilo hapakuwa na mtu asiyejua. Hata kabichi zilijua.

Nakijwa hakugeuka kumtazama. Naapa hakugeuka. Alikuwa anamkinga. Alitazama meza, akasema, "Yumo humu. Ana mdomo wake, atasema."

Tukangoja. Mjumbe aliyelala akajigeuza upande. Nje mtu alikuwa anapakua magunia na tulisikia kila gunia likianguka.

"Katibu," alisema Kamishna, "wewe ni mwenyeji. Unaitambua kazi ya kisu hiki?"

Kanaeli akasogea. Aliuchukua mpini kwa mkono wa kulia, akaugeuzageuza. Kisha, bila yeye kujua nadhani, mkono wa kushoto ukaja wenyewe, na kidole gumba kikaingia kwenye alama moja na kutulia pale, kimeenea sawasawa. Akakiona. Akakitoa haraka kama kimeungua.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi kwa utaalamu wangu, hii ni kazi ya mchwa."

Karani akauliza mchwa anaandikwaje, umoja au wingi.

"Mchwa, shemeji?" alisema Nakijwa. Sasa aligeuka.

"Hapa mimi si shemeji. Hapa ni Katibu."

"Mchwa ndio waliokula jogoo wangu?"

Mtu mmoja mstari wa nyuma akacheka, kisha akakohoa ili kicheko kionekane kikohozi. Kanaeli akarekebisha kola ya koti, akatazama paa.

Hapo nikasimama. Nisingeweza kukaa, miguu yenyewe iliniinua. Nikasema yote. Nikataja kona ya kumi na saba na mvua za vuli. Nikataja "niisahauje, zote nilikuwepo." Nikataja mwaka wa nzige na mwaka wa mafuriko, nikawataja kwa majina watu saba ambao Nakijwa aliwachimbia Jumamosi zao, na wote saba walikuwa mbele yangu wakitazama viatu. Nikasema Katibu ni wa mkono wa kushoto tangu tumboni mwa mama yake, apewe kisu akate alama moja hapa hapa tulinganishe. Nikakisoma kifungu cha nne kwa kichwa, neno kwa neno. Nilisema vizuri. Wako wanaoniambia hadi leo kwamba sikuwahi kusema vizuri vile.

Kamishna alinisikiliza hadi mwisho, ametabasamu.

"Ndugu una kumbukumbu nzuri sana. Taifa linahitaji kumbukumbu kama hizo. Karani, mlete mbele, na mpini wake."

Nilitembea hatua kumi na moja.

"Una alama ngapi?" aliuliza.

Mpini wangu ulikuwa mweupe. Mkaratusi mbichi, bado una utomvu, uliniachia gundi viganjani. Ule wangu wa zamani ulikuwa na alama mia tatu na sitini na tisa, na zote alizikata Nakijwa, kwa kisu chake cha kumenyea viazi. Niliuchoma Alhamisi. Nilijiambia namkinga yeye, kwa kuwa mkataji naye anashtakiwa. Nilijiambia hivyo nikiwa napuliza moto. Maharage yaliiva vizuri sana siku hiyo.

"Ndugu, nimekuuliza. Alama ngapi?"

"Hakuna," nikasema.

"Sauti, karani hajasikia."

"Hakuna!"

"Kwa hiyo wewe kwenye njia hiyo hujawahi kuchimba. Sasa hayo mengine umeyaonea wapi?"

Ghala lote likacheka, na safari hii halikujificha. Walicheka kwa furaha, kama watu walioambiwa kwamba mvua iliyokuwa inakuja haiji. Nakijwa peke yake hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama mpini, akanitazama tena.

"Kumbe hata wewe, Kifungu," alisema.

Kanaeli alipomwambia mchwa, Nakijwa alipata la kumjibu. Mimi nilipata hilo tu.

*

Hukumu ilisomwa saa nane. Nakijwa alitakiwa kujitolea upya, kwa kibali, Jumamosi mia nne na kumi na mbili, ambazo karani alizipigia hesabu akapata miaka minane kasoro kidogo. Mpaka atakapozimaliza, asikanyage njia. Mpini ulihifadhiwa kama urithi. Mfereji ulifukiwa siku iliyofuata, na wachimbaji arobaini walipongezwa kwa usafi wa vifaa.

Kamishna alimwuliza kama ana la kusema.

"Nina ng'ombe hawajakamuliwa," alisema, akatoka.

Hakuja Jumamosi iliyofuata wala yoyote baada ya hapo. Kadi yake ya muda aliiacha kwenye kizingiti cha ofisi, chini ya jiwe, isipeperuke. Alianza kupita barabara ya magari, kilomita ishirini na tatu kwenda, na nyingine ishirini na tatu za kusukuma kurudi. Mwezi wa kwanza lori lilimwacha mara nyingi mpaka jina likafutwa. Aliuza ng'ombe wawili. Wa tatu anamkamua na kupeleka dumu moja kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, upande wa pili wa mlima. Njia yetu haitazami.

Kanaeli amepandishwa daraja, sasa ni wa Kiuno. Ana koti la pili.

Mimi nachimba. Nilipewa kibali namba mbili, baada ya Mzee Mashauri. Wanasema kibali cha mapema namna hiyo ni heshima.

Juzi Jumamosi walitupeleka chini kabisa, kona ya thelathini na moja, pale njia inapogusana na lami, kwa sababu Waziri atapita na inatakiwa ionekane kutoka kwenye gari. Tulishasaini. Ilikuwa bado dakika ishirini honi ipigwe, tukaona tukwanguekwangue majani.

Nakijwa akatokea kwenye mzunguko wa barabara, anasukuma baiskeli, dumu limefungwa nyuma. Wengine waliinama zaidi, wakawa na majani mengi ghafla. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyapanga wiki nyingi, na vifungu vyake.

Alipotufikia alipunguza mwendo. Kwa muda wa miaka kumi mwanamke huyu alitukuta kazini na neno lake lilikuwa, "Sogeeni, nipisheni jembe." Sasa alitutazama mstari mzima, uso umetulia, hana hasira nasi hata kidogo, kama unavyowatazama vibarua katika shamba la mtu usiyemjua.

"Poleni na kazi," alisema.

"Asante, mama," tukamjibu wote, na akapita.